Dirisha la Twiga

Fundi hakosei vipimo. Maneno hayo aliyasema mwenyewe, kifua mbele, kila Jumamosi kwa miaka minne, na katika ukumbi wa shule ile ya sekondari hakuna aliyembishia. Milango ya jukwaani ilifunga, ngazi hazikuyumba, na kiti cha enzi alichokiunga kwa makreti ya soda kilimbeba mwalimu wa sanaa, mama mwenye mwili wake, bila hata kulia.

Alianza kuja kwa ajili ya binti yake. Mama wa mtoto alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, wakabaki wawili tu, baba na binti mrefu ajabu, mpaka wenzake wakamwita Twiga. Twiga alipoingia kikundi cha maigizo, baba naye akaingia kundi la wazazi wa kujitolea. Wenye kushona wakashona mavazi, wenye mkono wa rangi wakapaka mandhari, yeye akashika msumeno. Jumamosi zikawa zao. Wanakwenda pamoja, wanarudi pamoja, na njia nzima binti anamwigiza mwalimu mkuu mpaka baba anashika mbavu.

Mwaka jana Twiga akamaliza, akapata chuo mbali, huko ambako nauli yake si ya mchezo. Jumamosi iliyofuata Fundi aliamka, akabeba mfuko wake wa vifaa, akaenda shuleni kama kawaida. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tena angeulizwa nini? Mtu anakuja, anapiga misumari yake, watoto thelathini wanampa shikamoo. Nyumbani angeamkiwa na nani, friji?

Mwaka huu, sasa, ofisi ikapata karani mpya. Dada mmoja nadhifu, mpole, lakini kwenye karatasi hana ndugu wala jirani. Akagawa fomu: kila mzazi wa kujitolea aandike jina la mwanafunzi wake na kidato chake, na asiye na mtoto shuleni asionekane ukumbini, kwa usalama wa watoto. Na jamani, tuseme kweli, haki alikuwa nayo. Fundi akaikunja ile fomu mara nne, akaitia mfukoni. "Nitaileta Jumamosi," akasema. Jumamosi ilipofika akasema ameisahau. Iliyofuata akaingia chini ya jukwaa kutafuta msumari ambao haukupotea, akakaa humo na mavumbi hadi karani alipoondoka. Mtu mzima na mvi zake, anamkimbia karani! Lakini angefanyaje? Fomu ile ikijazwa, Jumamosi zake zimekwisha, na siku nyingine yoyote ya maana hakuwa nayo.

Mchezo wa mwaka huu ulikuwa na dirisha. Binti anajitokeza dirishani, anamfukuza mchumba wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Fundi alilikata dirisha lile kwa moyo wote, akalipaka rangi, akalisimamisha, na siku ya mazoezi akakaa kiti cha mbele kulitazama.

Pazia likafunguliwa. Mchumba wa kwanza akapiga goti, akaita kwa sauti ya mapenzi. Dirishani pakatokea paji la uso na nyusi mbili. Basi. Hapakuwa na macho wala mdomo.

"Ondoka! Sikutaki!" zikafoka zile nyusi.

Lo! Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mwigizaji wa mwaka huu walimwita Punje, na jina hilo hakulipata bure. Mwenyekiti wa wazazi, aliyeitwa Mama Ratiba kwa sababu haachi saa wala filimbi, akapuliza filimbi yake.

"Fundi! Dirisha hili umempimia nani? Au tumnyanyue mtoto kwa winchi?"

Fundi akacheka na wenzake, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alijaribu kukumbuka siku aliyompima Punje, asiione. Hakumpima. Mikono ilikata tu yenyewe, kama ilivyozoea, kimo kilekile cha miaka minne.

"Mwalimu," Punje akaita kutoka nyuma ya dirisha, alikokuwa ameinama kutafuta kitu cha kusimamia. "Huku chini pameandikwa Twiga."

Mafundi wana desturi yao. Ubao ukishakatwa unauandika kwa penseli jina la mwenye kazi, ili mbao zisichanganyike. Fundi alikuwa ameandika, kwa herufi zake kubwa, kwenye ncha ya chini ya mwimo wa kulia, ubao wa pembeni unaolisimamisha dirisha, wala hakujiona akiandika.

Twiga walimjua wote, na wote walijua alishaondoka. Mwalimu wa sanaa akaangalia viatu vyake. Karani alikuwa amesimama mlangoni na faili lake.

"Fundi," akasema taratibu, "ile fomu."

Fundi akaitoa mfukoni. Ilikuwa tupu, imechakaa kwenye mikunjo. "Sina mwanafunzi hapa," akasema. "Niliyekuwa naye alimaliza."

"Si ungesema tu, baba yangu," Mama Ratiba akamwambia, filimbi imemning'inia kifuani.

"Ningesema nini? Kwamba nyumbani kunanishinda?" Akamkabidhi karani ile fomu. "Kunanishinda, mama. Haya, nimesema."

Mwalimu akaanza kumwombea. Karani akasema muhula ujao kuna kikao, aandike barua, itajadiliwa. Kwa leo amalize dirisha, maana mchezo ni wiki ijayo. Aliyasema kwa huruma, na hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi.

Akapiga moyo konde, akatoa futi. "Simama wima, mwanangu," akamwambia Punje. Akampima mara ya kwanza, akampima tena. Akalilaza dirisha, akakata miimo yote miwili kwa chini, shibiri moja na vidole vinne. Vipande viwili vikaanguka sakafuni, na kimoja kilikuwa na jina. Akakitia mfukoni pale ilipokuwa fomu. Dirisha liliposimamishwa, uso wa Punje ukatokea wote, mdomo na kidevu, akamfukuza mchumba kama inavyotakiwa. Watoto wakapiga makofi. Fundi akakusanya vifaa vyake.

Alasiri alikuwa jikoni kwake, simu ikaita.

"Baba! Nimekupigia mchana kutwa hupokei. Ulikuwa wapi?"

"Shuleni kwenu."

"Kwetu?" Twiga akacheka. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi, na mmoja akamwita kwa jina la utani ambalo baba yake hakuwahi kulisikia. "Nakuja!" akamjibu huyo, kisha akarudi kwenye simu. "Baba nawe! Shuleni kuna nani sasa?"

Fundi akakigeuza kile kipande cha mbao mezani, maandishi yakatazama chini.

"Hakuna mtu, mwanangu," akasema. "Nilikwenda kurekebisha dirisha."

"Haya. Umemaliza?"

"Nimemaliza."