Haki Zote

"Zima," alisema Bi Chiriku, na mguu wake ukaganda juu ya pedeli ya cherehani.

Msusi hakuzima. Alikuwa wifi yake, tena mpangaji mwenzake katika chumba kile kimoja cha biashara, na mtu wa namna hiyo haamrishwi. Akaongeza sauti ya simu.

"Si wimbo wako huu, wifi?"

Ulikuwa wimbo wake. Maneno yale yale, kinanda kile kile, ila aliyeimba alikuwa binti mwenye sauti laini, inayoteleza kama kitambaa cha bitana. Ulipofika ubeti wa pili, binti akacheka. Pale pale. Miaka thelathini iliyopita Bi Chiriku alicheka hapo kwa sababu mtoto tumboni alimpiga teke mbele ya kipaza sauti, na fundi mitambo akasema kicheko kiachwe, kitamu. Huyu sasa alikuwa anacheka nini?

Wateja watatu walinyamaza, mmoja wao kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio. Katika chumba kile, watu kunyamaza ni habari ya kupelekwa mtaa wa pili.

"Tafuta ule wa zamani," alisema huyo wa nusu kichwa.

Msusi akaandika jina la wimbo, akaandika la mwimbaji, akajaribu tena. "Haupo. Jana nimeusikiliza hapa hapa, leo haupo."

"Labda wifi imekatika."

"Wifi ndiyo mimi, na sijakatika popote," alijibu msusi.

Bi Chiriku alivuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja mpole mwenye mkoba. Wimbo ulikuwa unasikika kila saluni na kila duka, na kwa mwaka mzima ulikuwa umemletea hela ya riili mbili za uzi. "Watu wanapakua kila siku," alimlalamikia yule bwana, "na mpishi sijapata hata ukoko." Bwana akaguna kwa huruma, akamwekea kidole kwenye maneno mawili: haki zote. Bi Chiriku akayasoma, moyo ukamlainika. Hatimaye haki. Tena zote! Akatia sahihi, na kwa furaha akamsimulia kuhusu kanda moja iliyobaki nyumbani kwake.

Msusi akaisoma karatasi kwa sauti, polepole. "'Mwimbaji anamkabidhi mnunuzi haki zote, pamoja na nakala zote alizonazo.' Wifi wangu we! Hukupewa haki. Umezitoa."

Simu ya Bi Chiriku ikatetemeka mezani, katikati ya vifungo. *Shikamoo mama yangu. Saa nane napitia ile kanda.*

"Nani ana kanda nyingine?" aliuliza.

Wakatazamana.

"Zangu nilizitupa tulipohama," mmoja alikiri. "Nikasema kanda za nini, wimbo si uko kwenye simu?"

Saa saba na nusu, Bi Chiriku akiwa amekwisha kuileta kanda kutoka nyumbani, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara aliingia amekumbatia redio kaseti yake kama mtoto mwenye homa. Ndiyo pekee iliyobaki mtaani. Nyingine zote zilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Dada, nisikufiche," alisema. "Hii inaimba, na inakula. Ilikula kanda ya harusi yangu mwenyewe, na mke wangu mpaka leo anasema na mimi kwa mkato."

"Mpe tu yule bwana, wifi," msusi alinong'ona. "Karatasi ni yake. Watakuburuta mahakamani."

Bi Chiriku aliipima kanda kiganjani, kama anavyopima kitambaa kisichotosha gauni. Mkasi ukishapita, hakuna fundi wa kuurudisha.

"Ikiliwa, iliwe nyumbani," alisema. "Washeni simu zenu, mrekodi. Na mtu asikohoe."

Kifuniko kikalia *tak*. Kwanza mvumo, kama mchele unaopepetwa chumba cha jirani. Kisha akatoka mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mkavu, jeuri, hana haraka na mtu. Simu nne ziliinuliwa kuizunguka redio. Mwenye nusu kichwa alijiziba mdomo.

Nje, mlango wa gari ulifungwa taratibu.

Sauti ikaanza kuzama. Ikawa nzito, ikawa ya mwanamume, kila neno likivutwa kama gunia sakafuni. Mchomeleaji akaweka kidole juu ya kitufe cha kuzimia, akamtazama mwenye kanda. Bi Chiriku hakutikisa kichwa wala hakukubali.

"Hodi, mama yangu," ilisema sauti ya upole nyuma ya pazia.

Hakuna aliyesema karibu. Utepe mwembamba wa kahawia ulikuwa umeanza kuchungulia pembeni mwa kifuniko, na wimbo bado unaendelea.