Maiki Mbele ya Bibi Harusi

Ijumaa ile, baada ya sala ya laasiri, Nusaiba binti Othman alikuwa kapiga magoti chini ya meza ya sebuleni kwao, Wete, anaufuata waya wa maiki kwa vidole kama mtu anayechambua mchele. Kompyuta ilikuwa yake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na jioni husomesha wanafunzi kwa mtandao. Siku hiyo kompyuta ilikuwa na kazi nyingine: mdogo wake, Shatha, alikuwa anaozwa Hudhaifa, na Hudhaifa yuko Maskati.

Ndoa za namna hii si mpya Pemba. Bwana harusi hukaa kule na wazee wake, bibi harusi akawa kuno na wa kwake, shehe akasoma hotuba, na mtandao ukiwa mzima watu hula biriani yao kabla ya magharibi. Lakini safari hii Mzee Turki, ami yake Hudhaifa, aliongeza sharti. Alitaka yeye na watu wake wamsikie binti kwa masikio yao wakati anaulizwa kama karidhia. Ndiyo maana maiki ikavutwa kutoka sebuleni, ikapitishwa chini ya pazia la chumba cha ndani, ikalazwa juu ya mto mbele ya Shatha, na kompyuta ikaungwa na spika ili wanaume waliokaa nje nao wasikie.

"Allo, allo," alisema Bi Maryamu, mama mtu, akiwa kaiinamia maiki na chetezo cha udi mkononi. "Moja, mbili."

"Hatusikii kitu," alijibu Mzee Turki kutoka Maskati.

Nusaiba akafanya yanayofanywa. Akauchomoa waya, akauchomeka tena. Akatazama kama programu imepewa ruhusa ya kutumia maiki, akakuta imepewa. Akafungua setingi za sauti, akaona kompyuta inasikiliza maiki yake ya ndani, ile iliyoziba kwa vumbi, hii ya waya wala haina habari nayo. Akabadilisha. Kisha akaona kiwango cha sauti kiko chini kabisa, akakisukuma kwa mausi hadi katikati. Mstari wa kijani ukaanza kurukaruka.

"Ee, sasa sawa!" alisema Mzee Turki.

Katikati ndipo mahali pake. Ikipandishwa kupita hapo, maiki ile hushika na maneno yaliyo chini ya ulimi. Hilo halikuwa siri. Aliyemuuzia alimwambia mapema kwamba hizi za rahisi zote ziko hivyo, na asiyetaka ya moyoni anunue ya ghali. Akijisahau wakati wa kipindi, darasa zima humsikia akisema, na mdomo kaufumba: Tangu juzi hawajaelewa kitu hawa, nami nimechoka. Nusaiba hurudisha chini akaendelea na pembetatu zake.

Shatha alilijua hilo. Asubuhi, hina ikiwa haijakauka, alimshika dada yake gauni kwa ncha za vidole.

"Dada, zamu yangu ikifika, ipandishe."

"Si useme mwenyewe?"

"Baba kaniapia. Nikifungua mdomo kusema hapana, sina radhi zake, duniani wala akhera." Akaipuliza hina. "Ya maiki hakuyataja."

Hapana yenyewe alishaisema. Aliisema jikoni, akaisema uani, akiwa analia na akiwa halii. Alizungumza na Hudhaifa kwenye simu mara kadhaa, na hata siku moja bwana yule hakumwacha amalize alichoanza kusema. Akaambiwa neno la baba yake limeshavuka bahari, na neno likishavuka bahari halirudi. Mama yake akamwambia ale, amekonda.

"N'taipandisha," alisema Nusaiba.

"Wallahi?"

"Wallahi."

Sasa Shehe Hija akaja akasimama kizingitini, mashahidi wawili nyuma yake, pazia likasogezwa. Shatha alikuwa amejifunika ushungi, uso tu ndio unaoonekana. Mzee Othman, baba yao, akasimama ubavuni mwa meza ya kompyuta, kanzu imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe.

"Shatha binti Othman," alisema shehe, "baba yako anataka kukuoza Hudhaifa kwa mahari mliyopatana. Umeridhia?"

Nusaiba akakisukuma kiwango mbele.

"Simtaki," ilisema spika.

Ilikuwa sauti ya Shatha, na mafua yake ya wiki ile yamo ndani. Mdomo wa Shatha ulikuwa umefungwa. Shehe na mashahidi waliuona. Bi Maryamu alishtuka hadi chetezo kikamponyoka na makaa yakamwagika mkekani. Hakushtushwa na maiki, maiki ndiyo tabia yake. Alishtushwa na kwamba Maskati wamesikia.

"Yarabi, aibu hino tutaipeleka wapi!" alisema, akapiga magoti kuokota makaa kwa mikono.

Nje, vikombe vya kahawa vilisimama hewani.

"Mzee Othman," aliita Mzee Turki, "kuna kelele zinaingia kwenye laini. Hebu rekebisheni."

"Umesikia, Nusaiba? Haijakaa sawa hiyo," alisema Mzee Othman. "Itengeneze!"

Nusaiba akaitengeneza. Akakipeleka kiwango hadi mwisho.

"Simtaki," ilisema spika, safari hii hadi mtaa wa pili. "Nilikwambieni Ramadhani, nikakwambieni tena Mfunguo Mosi. Mlinisikia nyote."

Na kwa kuwa sasa maiki ilikuwa inashika nyumba nzima, ikafuata sauti ya Bi Maryamu, naye yuko chini anaokota makaa, midomo kaibana.

"Na mimi sikumtaka Othman. Niliulizwa nyuma ya pazia kama hili, nikanyamaza. Mama akapiga kigelegele."

Mzee Othman akageuka akamtazama mkewe. Waliishi pamoja miaka mingi, wakazaa, wakazika, na hata siku moja hakupata kumuuliza. Bi Maryamu hakuinua kichwa.

"Biriani itapoa," ilisema spika kwa sauti ya shahidi mmoja. Kisha ikasema kwa sauti ya Shehe Hija: "Ndoa hii haifai, na mimi najua kuwa haifai."

Shehe akajipangusa jasho. Akakohoa. "Mimi namuuliza binti," alisema kwa mdomo wake, "simuulizi maiki. Ulimi wake haujasema kitu. Rekebisheni chombo, nimuulize tena."

"Nusaiba," alisema Mzee Othman polepole. "Ishushe. Ama na wewe radhi zangu huna."

Nusaiba aliishika mausi. Shatha alikuwa anamtazama tu, macho makavu, bila hata kupepesa.

"Naogopa," ilisema spika, na hiyo ilikuwa sauti ya Nusaiba.

Akaishusha. Ikapita katikati, ikateremka hadi karibu na sifuri. Kisha, kwa kuwa kazi yake hupenda kuimaliza, akafungua setingi ya kuondoa kelele za nyuma. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo.

Shehe Hija akauliza tena. Mstari wa kijani haukutikisika. Akauliza mara ya tatu. Chozi moja lilimtoka Shatha likaangukia juu ya maiki, nalo halikusikika.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Turki. "Sasa safi. Kimya chake tunakisikia vizuri kabisa."

"Na kimya cha mwari ni ridhaa yake," alisema shehe, macho kayaelekeza zuliani.

Kigelegele cha kwanza kilipigwa na Bi Maryamu, viganja vyake vimeungua. Hudhaifa akakubali ndoa kwa sauti iliyofika bila kukatika hata herufi moja, na kila mtu akaisifu kompyuta. Biriani ilikuwa bado ya moto.

Siku hizi Shatha yuko Maskati. Kila Ijumaa hupiga simu ya video na kusema hajambo, raha tupu, kapata friji kubwa. Maiki ya kule aliirekebisha Hudhaifa mwenyewe.

"Sauti yako iko chini, mdogo wangu," Nusaiba humwambia. "Pandisha kidogo."

Shatha hutazama pembeni, kwa mtu asiyeonekana kwenye kioo. "Ndiyo mwisho wake, dada."

Nusaiba hajanunua maiki nyingine. Akiwa skuli, na Mzee Othman akiwa msikitini, Bi Maryamu hufunga mlango wa sebuleni, akakaa mbele ya kompyuta, akapandisha kiwango hadi mwisho, akafumba mdomo. Spika husema peke yake, na yeye husikiliza mikono iko mapajani. Yapo mengi, kila siku hayaishi. Akisikia mumewe anavua viatu kibarazani, huishusha pale pale Nusaiba alipoishusha siku ile, akaenda kumtilia chai.