Aliyoyasema Bwana Luo

Zuhra, binti wa muuza vitambaa wa Kasulu mjini, alisomea Kichina Dodoma miaka mitatu. Mradi wa barabara wa kampuni ya Kichina ulipofika, akachukuliwa kuwa mkalimani. Hakuna aliyeweza kumsahihisha. Alichosema Zuhra ndicho kilichosemwa.

Siku hiyo walikuwa Kitanga, nje ya ofisi ya kijiji, kuwaonyesha wenye mashamba barabara itapita wapi. Mpimaji, Bwana Luo, mwanamume mfupi wa miaka hamsini hivi, alipomaliza maelezo yake, mwenyekiti aliuliza nani ana swali. Akasimama Bibi Pelagia, mkulima wa maharage aliyetoka Burundi akiwa msichana, akazeekea hapa hapa.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Huko kwao kuna milima? Au ndiyo kwanza anaiona kwetu?"

Watu wakacheka. Zuhra akatafsiri. Bwana Luo akaweka karatasi zake chini, akaanza kueleza, na hakunyamaza upesi. Kwao ni mji mdogo uliobanwa na milima, kusini-magharibi mwa Uchina. Hata uwanja wa shule ilibidi uchongwe mlimani. Mpunga unalimwa kwenye matuta yanayopanda kama ngazi. Ukungu hauishi, na chakula bila pilipili hakiliki. Mgeni hupokelewa kwa wimbo kabla hajaingia ndani. Lakini vijana wamekimbilia viwanda vya pwani, wamebaki wazee na wajukuu. Mama yake ana miaka themanini, na bado anapanda mlima na kikapu cha kuni mgongoni.

Zuhra alikuwa na njaa, jua lilikuwa kali, na maneno mengine yalimpita. Lakini si hayo tu. Watu wa vijijini aliwaona washamba tangu utotoni, na Wachina wake aliwataka wawe watu wa maghorofa.

"Anasema kwao ni mjini, maghorofa matupu," akasema. "Mambo ya kupanda milima na mizigo hawayajui."

Bibi Pelagia akaketi taratibu, akavuta kitenge kufunika miguu yake yenye udongo.

Bwana Luo, akidhani maneno yake yamefika, alimwendea akitabasamu, akamwonyesha picha kwenye simu. "Mama," akasema kwa Kiswahili. Pichani alikuwa bibi kizee aliyeinama chini ya kikapu, na nyuma yake matuta yalipanda hadi mawinguni.

Bibi Pelagia akaitazama sana. Kisha akamgeukia Zuhra. "Mwanangu, mbona umesema milima hawaijui?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeona huenda masikio yake ndiyo yamekosea.

Watu wakageuza shingo kumtazama Zuhra.

"Anasemaje?" akauliza Bwana Luo.

Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini: anasema picha ni nzuri. Lakini mwenyekiti alikuwa akimkodolea macho, na masikio ya Zuhra yalikuwa yanawaka moto.

"Anauliza kwa nini nimebadilisha maneno yako," akajibu kwa Kichina.

"Umeyabadilisha? Ulisema nini?"

Ikambidi amwambie yote, mbele ya watu ambao hawakuelewa neno lakini waliuona uso wake. Bwana Luo hakufoka. Alirudisha simu mfukoni.

"Nilimtaja mama yangu," akasema.

Zuhra akawageukia watu, akarudia kila kitu upya. Alipofika kwenye kikapu, Bibi Pelagia alitaka kujua kamba yake inapita kichwani au mabegani. Zuhra akatafsiri neno kwa neno. "Mabegani," akajibu Bwana Luo, na wakaendelea kuulizana, Zuhra katikati yao, hakuna aliyemtazama.

Njiani kurudi Kasulu aliomba samahani mara mbili. Mara ya pili Bwana Luo alimwambia kwamba ile ya kwanza aliisikia.

Juma lililofuata walikuwa na mkutano Kibondo. Kila Zuhra alipomaliza sentensi, Bwana Luo alitazama kwanza nyuso za watu, moja baada ya nyingine, ndipo akaendelea. Zuhra akangoja, macho chini.