Koti Jekundu la Rusalina

Siku ya arobaini ya kifo chake nilimbandika mke wangu kwenye nguzo ya kituo cha basi, katika tangazo la marehemu kama ilivyo desturi yetu, kwa picha ya kitambulisho, na humo anafanana na mtu aliyekamatwa akiiba kuku. Nusu mwaka ulipotimia nikabandika hiyo hiyo: langoni kwetu, kwenye nguzo, na mlangoni pa duka la mkate. Watu walisimama, wakasoma, wakafanya ishara ya msalaba, wakaingia kununua mkate wao. Lakini mimi nilijua Rusalina angesema nini, maana alishasema akiwa hai, kisu mkononi, anamenya pilipili hoho za kuchoma: "Tseko, ukinitundika na ile sura ya polisi, nitarudi nikuvute miguu."

Picha aliyoitaka alijipiga mwenyewe. Amevaa koti jekundu, kasimama chini ya mplamu wetu, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Hakumtumia mtu, hata binti yetu Valya aliyeko Hispania. Aliiweka ndani ya kompyuta akasema itatoka siku yake ikifika. Siku yake ikafika, na mimi sikuwa na moyo wa kuifungua mashine hiyo. Mwaka mzima ililala juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma yeye.

Mwaka ulikuwa unatimia Jumamosi. Jumanne asubuhi nikaishusha, nikachomeka waya. Betri yake ilivimba kama chura, niliitupa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya tu. Kabla sijaona picha yoyote, ikanipokea na maandishi kwamba kuna masasisho yanasubiri. Palikuwa na vitufe viwili. Nikabonyeza chenye rangi. Kioo chote kikawa buluu, kikaandika usizime kompyuta, asilimia nane. Nikangoja. Asilimia nane. Watu waliosoma vyuo vikuu, wanaolipwa kuliko daktari, wanachukua kitu kinachofanya kazi wanakibadilisha, halafu wanakuambia wewe mzee wa miaka sabini na mmoja ukae utazame namba. Mimi nina darasa la saba na miaka thelathini na minne ya kuendesha trekta la ushirika. Trekta halikuwahi kuniambia nisilizime.

Nilikuwa na basi la saa moja na nusu kwenda mjini kununua mishumaa, na ngano ya kuchemsha na kugawa kaburini siku ya kumbukumbu. Nikaondoka.

Niliporudi mchana, mtaa mzima haukuwa na umeme. Kwenye nguzo ile ile ninayombandika mke wangu palikuwa na karatasi ya kampuni ya umeme: Jumanne, matengenezo, saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri. Saa kumi ilipopita kidogo, taa ya jirani ikawaka. Nikapandisha swichi kubwa ukutani, nikaiwasha kompyuta. Kiduara kikazunguka. Kioo kikawa cheusi. Kiduara tena. Kikaandika kwamba kinajiandaa kujirekebisha. Cheusi tena. Nilikaa mbele yake hivyo mpaka maharagwe yakaungua jikoni, na sikuinuka kuyaepua.

Jumatano nikarudi mjini, nikapanga foleni kwenye dirisha la kampuni. Nikamweleza mama wa dirishani kwamba wamenichukulia mke mara ya pili. Akasema tangazo lilibandikwa siku tano kabla. Nikasema tangazo halirudishi picha. Akanipa fomu. Nimeshajaza karatasi nyingi za namna hiyo. Tatu niliandika kuhusu ambulansi iliyomfikia Rusalina baada ya dakika hamsini, kwa sababu wakubwa waliona dereva mmoja anatosha vijiji kumi na vinne. Majibu yote yanaanza kwa Mheshimiwa Bwana, na ukishasoma hapo umemaliza.

Alhamisi asubuhi akaja Iskra. Yeye ndiye mtunza vitabu wa maktaba ya hapa kijijini, amesoma dawati moja na Rusalina, na kompyuta alijifunza akiwa na miaka hamsini kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka. Matangazo yote ya marehemu wa kijiji hiki anayachapa yeye. Aliivua miwani ya kutembelea, akavaa ya kusomea, akaitazama mashine pande zote.

"Shemeji, umeigonga?"

"Kidogo."

"Kidogo ya kiganja au kidogo ya nyundo?"

Nikamwambia ya kiganja. Akasema basi ina bahati kuliko redio yangu, iliyokula nyundo. Kisha akaniambia ilivyo: imekatizwa katikati ya kazi, nusu yake ni mpya na nusu ya zamani, na haijui iwe ipi. Nikamwambia hiyo siyo kompyuta, hiyo ni serikali. Akaniambia nikianza siasa yeye anakwenda zake.

Aliiwasha akaizima kwa nguvu, akaiwasha akaizima, mara tatu, mpaka ikachoka na kumwonyesha orodha ya njia. Njia moja iliandikwa kufuta kila kitu na kuanza upya. Nilinyoosha kidole. Akaushika mkono wangu akauweka juu ya meza kama wa mtoto, akasema hiyo nisiiguse hata kwa macho, koti jekundu litakwenda nayo. Nyingine ilikuwa kuliondoa sasisho la mwisho, mashine irudi ilivyokuwa. Akaichagua. Ikakataa. Ikasema diski imefungwa, na ili ifunguke inataka ufunguo wa tarakimu arobaini na nane.

Tulimpigia Valya. Akasema ufunguo huo huenda upo kwenye barua pepe ya mama yake, ila neno la siri la mama yake hakuna anayelijua. Akaanza kulia. Iskra akamwambia alie baada ya Jumamosi.

"Rusa aliuandika," Iskra akaniambia alipokata simu. "Mimi ndiye niliyemlazimisha. Akaniambia atauweka mahali ambapo wewe hutatia mkono. Haya, sema, ni wapi wewe hutii mkono?"

"Sijui."

"Kwenye sinki je?"

Tulitafuta. Boksi la cherehani, nyuma ya sanamu ya Bikira Maria, chini ya karatasi za rafu, kwenye kopo la vifungo. Tukashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, penye mitungi yake ya akiba. Ilibaki mitungi tisa ya pilipili za kusaga, kila mmoja na karatasi yake na mwaka wake, sijaigusa kwa sababu nikiimaliza nimeimaliza. Ufunguo haukuwepo. Nilikaa kwenye ngazi ya chini nikamwambia Iskra aache, nitabandika sura ya polisi, watu wameshaizoea. Alishika kiuno, akauliza kile kipimo cha presha cha Rusalina kilikuwa kinakaa wapi.

Kilikuwa kwenye droo ya upande wake wa kitanda. Chini yake palikuwa na daftari la kijani. Nililijua. Nimemwona mara elfu moja asubuhi, mkono umefungwa mkanda, anaandika namba zake. Sijawahi kulifungua. Kwangu zilikuwa namba za wanawake, kama namba za kufumia sweta.

Iskra akakaa kwenye kompyuta, akaniambia nilifungue daftari kwa nyuma, nimsomee. Ndani ya jalada la mwisho ulikuwepo: mafungu manane, kila fungu tarakimu sita, kwa mwandiko wake uliosimama wima, na chini kaandika "kompyuta", kapigia mstari. Nilisoma polepole. Iskra alirudia kila fungu kwa sauti kabla ya kulibonyeza. Fungu la tano alinisimamisha, ile ni moja au saba? Nikasogea dirishani. Ilikuwa saba. Ndipo mashine ikakubali, ikasema inaondoa sasisho, tungoje.

"Sasa hapa hakuna mtu kugusa kitu," Iskra akasema, akaenda jikoni kupika kahawa.

Mimi nikabaki na daftari mkononi. Jalada la mwisho linapakana na kurasa za mwisho. Mia moja na sabini kwa tisini na tano. Mia moja themanini na tano kwa mia. Mia mbili kwa mia na kumi. Siku nane, asubuhi na jioni, zinapanda kama mtu anayepanda ngazi. Pembeni kaandika neno moja kila siku: kichwa. Ya mwisho ni mia mbili na kumi kwa mia na kumi na tano, jioni, siku moja kabla hajafa.

Wiki hiyo naikumbuka. Aliniambia kichwa kinamuuma nikamwambia ni hali ya hewa, kalale. Mimi nilikuwa mezani naandika barua kwa meya kuhusu mtaro unaomwaga maji kwenye banda letu. Ilikuwa barua nzuri, niliinakili mara mbili.

Ambulansi ilichelewa dakika hamsini. Hilo silifuti, na waliopanga dereva mmoja sitawasamehe. Lakini kabla ya dakika hamsini kulikuwa na siku nane.

Iskra alirudi na kahawa akaniona. Nafikiri alijua kilichomo, maana hakuuliza. Alilifunga daftari, akaniwekea kikombe mbele yangu. Tulikaa karibu saa mbili nzima tukitazama kile kiduara, na sikumbuki tuliongea nini.

Kisha kikatokea kioo cha Rusalina, kile chenye maua ya bonde letu, na vifaili vyake vimepangwa mistari. Jambo la kwanza Iskra alilolifanya ni kuchomeka flashi yake na kunakili kila kitu. La pili ni kufungua picha. Alikuwepo, koti jekundu, mdomo upande. Iskra akasema, "Mwone mshenzi huyu," akavua miwani akaifuta.

Baadaye, ili ajue kama diski imeumia, alifungua mahali ambapo mashine inajiandikia mambo yake. Akasoma. Akaniuliza umeme Jumanne ulikatwa saa ngapi.

"Saa tatu. Imeandikwa kwenye nguzo."

"Hii imeandika ilizimika saa moja na dakika kumi na mbili."

Nikaanza kusema kwamba hao wa kampuni hata saa hawajui kusoma. Nikaishia katikati. Basi langu ni saa moja na nusu, na kwenda kituoni ni dakika kumi na tano. Tangu nyumba ya akina Dimov iungue kwa waya mbovu, mtaa wetu wote hakuna anayetoka kwenda mbali bila kushusha swichi kubwa. Unavaa kofia, unashusha swichi, unafunga mlango. Rusalina alikuwa ananikataza kwa ajili ya friji. Friji nimeizima tangu alipokufa, sina cha kuweka, kwa hiyo nashusha bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna.

"Yule mama wa dirishani nilimtukana," nikasema.

"Ana mishahara miwili, shemeji. Mmoja wa kazi, mmoja wa matusi. Kunywa kahawa yako."

Ijumaa alichapa karatasi kumi. Nikabandika langoni, dukani, kwenye nguzo. Ile ya kampuni bado ilikuwepo. Sikuibandua. Nilimweka Rusalina juu yake kidogo. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja basi alitazama, akasema alikuwa mwanamke wa maana. Nikasema ndiyo, alikuwa.

Iskra aliniambia mashine itadai sasisho tena, na kwamba safari hii niiache imalize, vinginevyo itanisumbua mpaka kaburini. Picha zipo salama kwake. Jumamosi asubuhi ikadai. Nikabonyeza chenye rangi. Nikachemsha ngano, nikaipangia sukari juu, nikavaa kofia. Mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi kubwa. Mezani kioo kilikuwa buluu, asilimia thelathini na moja.

Niliutoa mkono. Nikavuta kiti nikakaa, kofia kichwani, bakuli la ngano magotini.

Nilifika makaburini nimechelewa nusu saa. Kasisi ana vijiji vingine vitatu siku za Jumamosi, akaniuliza kwa hasira nilikuwa wapi. Nikamwambia ni umeme. Akafungua kitabu chake. Kwetu hilo halihitaji ushahidi.