Aliyeshika Chupa ya Mafuta

Tangu alfajiri Tekla alikuwa hatulii kwa woga. Mara tatu alikwenda uani, mara tatu akarudi kwenye cherehani yake barazani, akajaribu kutia uzi kwenye sindano, uzi ukagoma. Saa nne asubuhi alitakiwa asimame mbele ya kanisa zima, pale Madale, ataje jina la mtu mmoja.

"Wewe leo una nini?" aliuliza jirani yake, Bi Zubeda, akichambua mchele upande wa pili wa ua. "Umepauka mpaka midomo."

"Naogopa, shoga yangu. Naogopa mno."

"Mambo ya kanisa tena? Jamani nyie watu! Mie nikigombana na wifi yangu tunanuniana wiki, ya pili tunaombana chumvi. Nyie mkigombana mnafungua kanisa jingine."

Siku nyingine Tekla angecheka. Bi Zubeda alisema kweli, na hakujua hata nusu yake.

Kanisa la Mitume wa Mikono lilianzia nyanda za juu kusini, kwa Mtume Benjamin, na sheria yake kubwa ilikuwa moja: utume haupigiwi kura wala hauandikwi kwenye karatasi. Mtume akiona siku zake zinakwisha, anamwekea mtu mikono kichwani, na shahidi ni mmoja tu, yule anayeshika chupa ya mafuta. Mafuta yakishafunguliwa, marufuku yeyote kusema, ila mtume, mpaka kizibo kirudi. Walisimuliwa utotoni habari za mshika mafuta mmoja wa zamani aliyefungua mdomo katikati, ulimi ukamvimba, akazikwa siku ya nane. Ni kweli? Si kweli? Nani ajuaye! Tekla, mshika mafuta wa sasa, aliiamini tangu ana miaka saba.

Na kila mtume alipokufa, kanisa lilipasuka. Mara ya kwanza walioingia na viatu waliachana na walioingia peku. Mara ya pili ilikuwa ngoma: hawa wanataka kuimba na ngoma, wale wanataka makofi tu. Watu wazima na ndevu zao! Demetria, dada yake Tekla wa tumbo moja, aliondoka na wenye ngoma. Anayeondoka anasimama mlangoni, anafuta nyayo zake kwa kiganja, mguu huu na mguu huu, anakung'uta mavumbi. Basi, hapo mmekwisha. Hakuna salamu, hakuna kula pamoja, hakuna kuzikana. Anayefukuzwa naye ni vilevile, ila yeye ndiye anayefutiwa: kanisa zima linapita mbele yake, mmoja mmoja, kila mtu anafuta nyayo. Asiyefuta anahesabiwa ametoka naye.

Demetria alikuwa akiishi Tegeta, si mbali, mwaka wa ishirini na mbili huu. Mama yao alipofariki alisimama ng'ambo ya barabara, akalitazama jeneza likipita, akageuka akaenda zake. Tekla alimwona. Hata mkono hakumpungia.

Sasa ilikuwa zamu ya kumpoteza Genoveva, mtoto wake wa pekee, mwenye mimba ya miezi minane. Genoveva ameolewa na mtoto wa Lusungu, mmoja wa wawili wanaodai utume, na Lusungu amekwishatangaza: akitajwa mwenzake, Ansbert, kuwa mtume, yeye na watu wake wanafuta nyayo leoleo. Yaani Tekla akitamka "Ansbert," hatamwona tena mwanawe, na mjukuu atamsikia kwa watu.

Aseme "Lusungu" basi, si yaishe? Laiti.

Wiki tatu nyuma, mtume wao, Apolinari, alikuwa kitandani kwake, macho yamekwisha kwa kisukari, haoni hata kivuli. "Mpigie Lusungu aje," alimwambia Tekla. "Leo namwekea mikono." Tekla akapiga. Lusungu ni fundi ujenzi, siku hiyo alikuwa kazini Mbweni. Akasema anakuja na pikipiki sasa hivi. Mara mvua ikashuka, mvua ya hasira. Tekla akaketi na chupa yake, akingoja. Mlango ukafunguka, akaingia Ansbert, shemasi mkuu, na kanzu yake nyeupe. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, tena alikuja na gari.

Mzee akasikia miguu. "Fungua mafuta," akasema.

Tekla akafungua. Mkono umezoea kutii. Ansbert naye akapiga magoti kando ya kitanda, na mikono ya mzee ikatua kichwani kwake.

Hapo ndipo Tekla alipotakiwa apige kelele. Baba, siye huyu! Maneno yalimfika kwenye meno. Akaukumbuka ulimi uliovimba, akayameza. Mtume akamaliza, "Nilichopewa nimekupa," na kizibo kikarudi. Kisha mzee akaipapasa ile kanzu, begani, mgongoni, akauliza kwa mshangao, "Lusungu mwanangu, mvua yote hii, mbona hujaloa?"

Ansbert akakohoa, asijibu. Akamtazama Tekla. Na Tekla, ambaye sasa alikuwa na ruhusa ya kusema, akainamisha macho. Mzee akasinzia, na hakuamka tena. Lusungu alipofika anachuruzika maji, alikuta chupa imefungwa.

Kwa hiyo Lusungu anasema, niliitwa mie. Ansbert anasema, niliwekewa mie. Wote wanasema kweli, na ubaya wote uko hapo.

Jana alasiri Ansbert alisimamisha gari mbele ya baraza. "Habari za kushona, Mama Geno?" Sauti tamu kweli. "Kesho utasema mikono ilitua wapi, basi. Ukianza habari za mvua, watakuuliza mdomo wako wewe ulikuwa wapi. Kizibo ulifungua wewe, mama, si mie."

Tangu aondoke, Tekla hakuwa amepitisha kitu kooni zaidi ya maji.

Saa nne kanisa lilikuwa limejaa. Watu peku, sakafu ya udongo mwekundu, mabati yanalia kwa jua. Watu wa Ansbert walikaa kulia, wa Lusungu kushoto, na katikati pameachwa njia ambayo hakuna aliyethubutu kuikanyaga. Vijana wamesimama milangoni wamefumbata mikono. Tekla alipita katikati.

"Mshika mafuta," alisema Mzee Daniel, mkubwa wa baraza la wazee. "Mikono ilitua kwa nani?"

Tekla akamtafuta Genoveva. Alikuwa kushoto, pembeni ya mumewe, na tayari wamegeukia mlangoni. Binti alikuwa analia bila sauti.

"Ilitua kwa Ansbert," Tekla akasema, na kushoto kukaanza kuinuka. "Kaeni! Sijamaliza! Aliyeitwa ni Lusungu. Mtume alikuwa haoni. Aliuliza, Lusungu mbona hujaloa, na Ansbert akanyamaza. Na mie nikanyamaza. Niliogopa, jamani. Niliogopa!"

Lo! Kanisa likalipuka. Viti vikaanguka, mtu akamkwida mwenzake kanzu, mwanamke mmoja akapiga yowe. Tekla akajikunyata akidhani leo wanamuua. Mzee Daniel akagonga fimbo yake mpaka wakatulia.

"Ansbert. Ulijua?"

"Mie nilipiga magoti tu, mzee. Mafuta yalifunguliwa mbele yangu."

"Lusungu. Unaondoka?"

Lusungu aligeuka. Akawatazama watu wake, vikongwe waliomlea, mkwewe na tumbo lile. Kisha akamgeukia Tekla.

"Huyu mama angesema siku ile," akatamka polepole, "tusingefika hapa."

"Hata mie nasema hivyo," Ansbert akadakia.

Wiki tatu nzima hao wawili hawakupatana hata juu ya saa ya ibada. Tekla aliona nyuso zikilegea, kulia na kushoto. Kumbe nao walikuwa wanaogopa! Hakuna aliyetaka kwenda kuzikwa na wageni. Walihitaji mtu wa kumtwika, na mtu amepatikana.

Baraza halikuchukua hata robo saa. Ansbert na Lusungu watakaa pamoja mpaka Mungu aonyeshe. Mshika mafuta aliyeacha mikono ipotee, atoke.

Wakamsimamisha mlangoni, wakaanza kupita. Wanawake aliowashonea kanzu za ubatizo, wazee aliowapikia uji, mmoja mmoja, mguu huu na mguu huu. Hakuna aliyemtazama usoni. Mume wa Genoveva akafuta upesi upesi, akasogea nje.

Ikafika zamu ya Genoveva.

Aliinama, tumbo likakataa. Akajaribu kuinua mguu, akayumba, akadaka nguzo. Akajaribu tena. Mumewe anatazama chini.

"Tunangoja," alisema Mzee Daniel.

Genoveva akaacha kujaribu. Akasimama tu, akimtazama mama yake, na Tekla akajua anachokiwaza. Hofu ya tangu alfajiri haikuwa kitu mbele ya hii. Mtoto huyu atatoka naye, atazaa bila mume, bila watu, na ataishi kama alivyoishi Demetria.

Tekla akapiga magoti.

"Lete mguu, mama."

"Mama, usifanye hivyo..."

"Nyamaza. Shika nguzo."

Akaufuta wa kulia kwa kiganja, kisigino mpaka vidoleni. Akaufuta wa kushoto. "Miguu imevimba hii," akanong'ona. "Kesho nenda kliniki wakupime presha, usingoje." Akakung'uta mikono yake, mavumbi mekundu yakaanguka kwenye sketi yake mwenyewe.

"Amefuta," akamwambia Mzee Daniel. "Haya, mwanangu, pita."

Genoveva akapita bila kumuaga, kama sheria inavyotaka.