Gudulia la Kuazima

Mume wangu Tokuzo hanywi. Akionja sake, pombe yetu ya mchele, kijiko kimoja tu, uso unamwiva kama nyanya, kisha ni kulala. Lakini asikie mahali kuna gudulia la zamani la sake linauzwa, anaondoka hata wali hajamaliza. Nyumba yetu imejaa: magudulia sebuleni, magudulia chini ya ngazi, mengine mpaka kwenye kabati la magodoro. Nilimwambia siku moja nitahamia nje ili yapate nafasi. Akanijibu, "Kwa kweli veranda ni pana." Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Nampenda, basi.

Anayoyahusudu zaidi ni yale ya kuazima. Zamani duka la sake liliandika jina lake ubavuni mwa gudulia kwa herufi nene nyeusi. Mteja alijaziwa, akaenda kunywa kwake, na likiisha akalirudisha. Hayakuuzwa hata siku moja. Somo hilo Tokuzo anawapa wageni wetu wote huku chai yao ikipoa.

Lililomkwepa tangu ujanani ni la Masudaya, duka la mtaani kwetu. Pale ndipo nilipomwona mara ya kwanza, ametumwa na baba yake, Kambei, amelikumbatia gudulia kwa mikono miwili. Hata Bibi Oriko mwenye duka hakubakiwa na moja. Zilipokuja chupa za kioo, watu walikaa na magudulia yake wakasahau. Sasa wateja wenyewe wamehamia supamaketi, na mwaka jana majani yalipoanza kuanguka alitutangazia kwamba mwisho wa mwaka anafunga. Niliumia sana.

Jumapili moja Tokuzo akarudi kutoka gulio la hekaluni akihema, koti lake limefungia kitu.

"Sumie! Sumie, njoo uone!"

"Viatu!" nilimpigia kelele, maana alishaingia navyo mpaka kwenye mikeka. Akafunua koti. Masudaya, herufi zote nzima. Nikasahau viatu.

Hakutulia mpaka tukampelekea Bibi Oriko alione. Bibi akafuta mikono kwenye aproni, akalipokea, akapapasa herufi kwa kidole.

"Mwandiko wa baba," alisema. Kisha akageuka na kuliweka kwenye rafu nyuma yake. "Ahsanteni kwa kulirudisha. Mmechelewa kidogo."

Tokuzo akanyosha mkono kuelekea rafu. "Bibi, mimi... nimelinunua."

"Kwa nani? Sisi hatukuuza. Si wewe unayewahubiria watu kila siku?"

Nilicheka hadi nikashika kaunta. Kisha nikaona macho ya mume wangu, kicheko kikaniishia. Akainama kwa heshima.

"Kweli, bibi. Ni lako."

Nilimpenda wakati ule hadi nikatamani kumfinya.

Bibi Oriko akaigeukia tena rafu. Akalishusha gudulia, akalisuuza, akalijaza sake mpaka shingoni na kulitia kizibo.

"Haya, mtoto wa Kambei, azima. Likiisha, lirudi."

"Na mwisho wa mwaka je?" niliuliza. "Si unafunga?"

Bibi akajikuna sikio. "Nitafungaje gudulia langu likiwa kwa mteja? Baba asingekubali. Mkilirudisha tupu, ndipo nitafunga."

Tokuzo akanitazama. Nami nikamtazama.

Sasa kila jioni ananimiminia, maana kwetu mtu hajimiminii mwenyewe, nami namjazia kikombe chake chai ya shayiri asijione mpweke. Nakunywa polepole. Ikibaki sake kidogo tu chini, analifunga gudulia kwa kitambaa na kupanda baiskeli hadi Masudaya. Mwaka mpya umepita, na maua ya micheri yamekwisha kupukutika.

"Limeisha?" Bibi Oriko humuuliza.

"Bado kidogo, bibi."

"Mkeo naye mvivu wa kunywa," husema bibi, na kuling'oa kizibo alijaze tena.