Mtama Ulioota Kichwani kwa Bwana

Kila asubuhi Chausiku aliponda maganda ya konokono kinuni, kwa sababu kware asiyekula maganda hutaga yai laini lisilobebeka. Kisha alichanganya mchwa na mtama. Mchwa wakizidi, ndege wananenepa na kusahau kutaga. Mtama ukipungua, wanadonoana manyoya. Yote hayo kwa ajili ya Bwana, yule Mjerumani wa boma dogo la kilimani, ambaye hakuianza siku bila sahani ya mayai ya kware.

Mwaka ule mtama uliadimika Uluguru nzima. Akida Stambuli, mtu wa pwani mwenye kilemba na haraka, hakutaka kusikia habari hiyo. Mayai yalipopungua alipanda hadi nyumbani kwa Chausiku, akainua macho darini, juu ya moshi wa jiko, akaona kibunda.

"Kumbe mtama upo! Tena mkavu, hauna hata fukusi."

"Shikamoo, Akida. Hiyo ni mbegu ya ukoo, nimeachiwa na mama. Hailiwi. Ikiliwa, huota palepale ilipofikia."

"Basi na iote. Wewe lisha ndege."

Chausiku alikasirika, lakini kiboko hakijui shemeji. Mvua zilikuwa karibu, shamba limeshalimwa, na punje nyingine ya kupanda hakuwa nayo. Akawalisha kware. Wakataga sana, na Bwana akala.

Haukupita muda, mtama ukaota kichwani kwa Bwana. Ulianzia nyuma ya masikio, ukapanda utosini, mistari imenyooka. Bwana aliitundika kofia yake ukutani, akaendelea kusoma barua. Usiku alilala ameketi. Stambuli alileta mtu wa kumpalilia na mwingine wa kufukuza ndege, na kazi hiyo ikaingizwa katika kazi za boma, zile zisizo na ujira.

Kila alipopeleka mayai, Chausiku aliyakagua masuke. Aliyatambua: mtama mwekundu wa mama yake. Ukikomaa kabla ya mvua, atapanda; mvua ikitangulia, wanawe watakula nini? Jamani, mwanamke yule aliyemchukia Bwana kupita wote ndiye aliyemwombea asishikwe na homa.

Ukakomaa. Walimvuna barazani kwa kisu kidogo, Bwana ameinama.

"Taratibu," alisema, basi.

Kikapu kilijaa pomoni. Chausiku akapiga magoti.

"Bwana, naomba mbegu yangu. Hata nusu yake. Mawingu yameshafunika mlima."

Bwana alijipangusa makapi shingoni, akamgeukia akida.

"Kware wamekula?"

"Bado, Bwana."

"Wapeni."

Stambuli alimsukumia Chausiku kikapu kwa mguu. "Umesikia, mama. Wewe utapanda mwakani."

"Mwakani nitapanda nini, Akida?"

Stambuli alikuwa ameshaondoka.

Askari alimfuata hadi bandani, akasimama mlangoni kuangalia asifiche punje kwenye kanga. Chausiku alilia bila kujificha, huku mikono ikifanya kazi. Akaumimina mtama wa mama yake chomboni, na ndege wakaanza kula. Nje mvua ilishuka, mvua nzuri ya kupandia.